Mtindi Uliosokota Uzi

Usiku wa jana niliota ugomvi uliokwisha fika katikati.

"Nani katia sukari kwenye maziwa kabla hayajaganda?" Bi Mwatumu, jirani yangu wa chumba cha kushoto, kashika kiuno. "Tazama, mtindi unavuta kama mlenda!"

"Shoga, usinitolee macho," akajibu Mama Eliamani wa chumba cha kulia. "Mtindi wa kugandishia umenipa wewe, kijiko kizima. Wadudu ni wako."

Kwetu ndivyo tunavyoishi, mtindi wa jana wa jirani ndio unaogandisha maziwa ya leo. Nikasogeza kigoda karibu, maana ugomvi kama huo ukisimuliwa hupungua utamu.

"Sisi si wa mtu," ikasema sauti kutoka kwenye sufuria.

Nachungulia. Bakteria wamejaa humo, wanasokota.

"Mkitupatia sukari tunaiunga, punje kwa punje, mpaka iwe uzi," akasema mmoja bila kuacha kazi. "Huo tunajifunika. Anayeishi peke yake hukauka."

"Hapo umesema," nikamwambia.

Uzi ukapanda ukingo wa sufuria, ukanishika mkono, ukamshika Bi Mwatumu, ukamshika Mama Eliamani. Hakuna aliyeshangaa. Bi Mwatumu aliniuliza tu kama nimesikia habari za mwenye nyumba na mke mdogo. Nilikuwa sijasikia. Kabla hajaanza, ua wa nyumba yetu ukawa maabara.

Chupa nyembamba ya kioo, imevaa koti jeupe, inatukagua. "Sukari gani hii?"

"Sisi ni majirani," nikajibu.

"Hilo litapimwa. Uzi mzima hausomeki. Unachemshwa kwenye asidi mpaka kila punje ibaki peke yake. Kisha kila moja inapanda karatasi ya kupimia na kusimama mahali pake, tuijue jina."

"Mkishajua, mnatuunga tena?" nikauliza.

Chupa ikafikiri. "Hakuna aliyewahi kuuliza."

Asidi inatokota. Mama Eliamani ndiye wa kwanza. Anatumbukia, na upande wake wa uzi unalegea. Namwona juu ya karatasi, mbali, peke yake, anapiga kelele na sauti haifiki. Nataka kumwita. Jina lake limenitoka.

"Usiniachie, Zamda," ananiambia Bi Mwatumu. Vidole vyake vinateleza mkononi mwangu, kimoja, halafu kingine. "Na ile habari sijakusimulia."

Mvuke unanifika magotini. Na jina lake pia linanitoka.

Niliamka nikiita majina yote mawili. Kumekucha, na nyumba iko kimya, kimya ambacho haijawahi kuwa nacho. Nikatoka mbio, kanga nusu imefungwa. Mlango wa Bi Mwatumu uko wazi. Ndani, yeye na Mama Eliamani wameketi mkekani, wamenyamaza kwa sababu midomo imejaa mihogo.

"We Zamda, mbona mbio hivyo?" Bi Mwatumu akainuka, akanipa mkono. Nikaushika, nisitake kuuachia. Nilipouachia, kati ya viganja vyetu ukabaki uzi mwembamba, unang'aa.

Akautazama.

"Usiukate," akasema. "Pita hivyo hivyo, ule."