Kichwa Chenye Mawese

Kichwa cha Hilaria kiling'aa tangu alipokuwa mbali, akivuka uwanja wa hospitali pamoja na mama yake. Kilikuwa kimesukwa kwa uzi mweusi, vifundo vidogo visivyohesabika, kisha kikapakwa mawese mpaka jua likapata pa kujitazamia. Kazi hiyo ilimchukua mama yake, Emerensiana, siku mbili, peke yake. Kwao Mpimbwe mtu hampeleki binti yake kwa daktari mgeni akiwa na nywele timtim.

Nesi Romana, miezi minne tu tangu amalize chuo, aliwaona kutoka dirishani, moyo ukamshuka. Yeye ndiye aliyewaandikia barua. Aliwaeleza siku na saa, akasahau kuwaeleza habari ya nywele.

Mashine ya kupima ubongo ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, pamoja na Daktari Silvester, aliyekuwa akichunguza kwa nini kifafa cha watu wengine hakikatiki upesi. Kalamu nane za mashine hiyo zilichora mwendo wa ubongo kwenye karatasi ndefu. Ili zichore, visahani vidogo vya chuma vilipaswa kugandishwa kwenye ngozi ya kichwa, na gundi haishiki penye mafuta. Jioni ileile treni ingeirudisha mashine. Wiki tatu nyuma kifafa kilimshika Hilaria nusu saa nzima. Safari nyingine huenda asizinduke. Daktari alisema akijua kinaanzia wapi atajua dawa ya kumpa. Bila hivyo angebahatisha tu.

"Zifumuliwe," daktari alisema, akitazama saa. "Saa nane lazima nianze."

Emerensiana akaketi barazani, akaanza. Wanawake waliokuwa wakingoja zamu wakasogeza khanga zao kando, kwa adabu, kana kwamba wanampisha mtu apite. Romana alikijua kitendo kile; alilelewa nacho. Chuoni aliandika kwenye mtihani kwamba kifafa hakiambukizi kwa kugusana, akapata alama zote. Mikono yake haikufanya mtihani ule.

Hilaria akamtazama. "Dada nesi, kama unaogopa usijilazimishe. Mimi nimeshazoea."

Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomchoma Romana. Akapiga magoti nyuma yake, akashika kifundo cha kwanza. Kilikuwa na joto la jua, kikateleza, kikamponyoka. Akakishika tena. Alipofika cha tatu, vidole vyake vilikuwa vimeshauzoea uzi.

"Kwa mwendo huo treni itakwenda na kurudi."

Alikuwa Thacienne, mkimbizi wa kutoka Burundi aliyelima kwenye makazi ya Katumba, aliyemleta mwanawe kupimwa malaria. Akampakatisha Emerensiana yule mtoto bila kuuliza, akaketi, akafumua kwa vidole vyepesi huku akimtania kwamba mawese yale yangekaanga samaki wa kijiji kizima. Emerensiana akacheka mpaka mtoto naye akacheka. Mwanamke wa tatu akaja, eti kuangalia kama wanafanya sawasawa. Wa nne naye akaja, hakutaka kusimuliwa baadaye. Wakaosha kwa maji moto na sabuni, mara tatu, na saa nane ilipogonga visahani vyote vilikuwa vimeshika.

Karatasi ikatiririka. Mistari ilikwenda kwa utulivu, kisha ule wa juu ya sikio la kushoto ukaruka kama panzi, ukatulia. Daktari akaweka alama mbili za penseli. Alisema sasa anajua pa kuanzia. Dawa wataanza nayo kesho, na Romana ataandika kila siku jinsi mgonjwa anavyoendelea.

Hilaria, gundi ingali kichwani, aliomba kuona. Wakatandaza karatasi sakafuni mpaka mlangoni, naye akatembea kando yake pekupeku.

"Ugonjwa ndio huu?" akauliza, akipafunika penye alama kwa kiganja kimoja.

"Ndio huo," daktari alisema, akikunja nyaya.

"Na haya mengine yote?"

"Hayo mengine ni wewe," akajibu Romana, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

Daktari alipoondoka kwenda stesheni, barazani kulikuwa na ugomvi mtamu wa nani atamsuka upya. Thacienne alishikilia kwamba Emerensiana asikaribie na chupa yake ya mawese. Hilaria akawapita wote, akaketi chini mbele ya Romana, akaegemeza kisogo magotini pake.

"Mimi sijui kusuka vizuri," Romana alisema.

Bila kugeuka, Hilaria akampitishia chanuo juu ya bega.