Jambo la Kidoti

Ijumaa, kabla ya kipindi cha mwisho, mwalimu wa Darasa la Pili alikwenda ofisini kuomba ufunguo wa kabati la vitabu vya hadithi. Vitabu vilikuwa kumi na viwili, na Mwalimu Mkuu alivifungia ili visichafuke. Akampa kimoja, akamkumbusha kwamba watoto waangalie kwa macho tu.

Mwalimu alikuwa na miezi mitano kazini. Chuoni alifundishwa kwamba mtoto aliyeshindwa kusema lililomkaa moyoni hulisema kwa urahisi akimsingizia mnyama wa kitabuni. Aliliandika hilo daftarini na kulipigia mstari mara mbili. Sauti yake ilikuwa ndogo, kiasi kwamba watoto hamsini na watatu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Walimu wenzake walidhani ni mbinu.

Kitabu kilimhusu kobe aliyezunguka msituni akisalimia. Twiga, hujambo? Sijambo. Pundamilia, hujambo? Sijambo. Ukurasa wa mwisho akamkuta nungunungu amejikunja chini ya kichaka. "Ninalo jambo," nungunungu akasema, na kobe akaketi kando yake. Hadithi iliishia hapo.

Mwalimu akaandika ubaoni neno "hujambo", akalikata kwa mstari wa chaki: hu, jambo. Akaeleza kwamba anayeuliza anataka kujua kama huna jambo, na anayejibu sijambo anasema hana lolote. Sasa mwenye nalo afanyeje? Redio, mtoto aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, akasema alifunike mpaka lipoe. Darasa likacheka, kengele ikalia.

Jumatatu mwalimu akaita mahudhurio kama kawaida, jina moja moja na salamu yake. Akafika kwa Kidoti, msichana mwenye alama nyeusi juu ya mdomo. Tangu muhula uanze, Kidoti hakuwa ametamka darasani neno zaidi ya sijambo.

"Ninalo jambo, mwalimu."

Alisema kama anayetoa jibu la mtihani. Mwalimu hakuona kosa la sarufi. Akaweka alama ya vema, na jambo likatoka chini ya dawati, likapanda kwenye benchi kati ya Kidoti na jirani yake. Jirani akasogea kulipisha.

Lilikuwa na ukubwa wa paka aliyeshiba. Lilikuwa la kijivu, halina uso, lina mikono miwili mirefu yenye vidole vilivyonywea kama vya mtu aliyeshinda akifua. Lilinuka sabuni. Baada ya muda jirani akanyoosha kidole na kulalamika kwamba linamloweshea daftari. Mwalimu akalitandikia gazeti, akaendelea na hesabu za kutoa.

Kufikia Jumatano mambo yalikuwa kumi na tisa. La Redio lilitosha mfuko wa shati, kama limau. Lilihusu rafiki yake aliyehama bila kuaga. Katika daftari la mahudhurio, baada ya safu ya wavulana na ya wasichana, mwalimu akachora ya tatu. Mwalimu Mkuu alitia saini, ila akaagiza kwamba mambo yasisimame mstarini asubuhi, kwa kuwa hayana sare.

Watoto walijua la kufanya, kwa sababu kobe alikwishawaonyesha. Wakati wa mapumziko waliketi kando ya jambo la mwenzao, wakatafuna walichonacho, wakanyamaza. Mambo mengi yalipungua kwa kuketiwa hivyo. Siku ya Alhamisi Redio alikung'uta mfuko wake na hakikudondoka kitu.

La Kidoti halikupungua. Waliliketia kwa zamu, hata Redio alijitahidi kufunga mdomo kando yake kwa dakika nzima. Lakini kila asubuhi lilirudi na maji yake, limeongezeka kidogo.

Alhamisi hiyo, wenzake walipokwisha kutoka, mwalimu alimwekea Kidoti kitabu mezani, akakifungua ukurasa wa mwisho.

"Huyu nungunungu anaamka saa ngapi?"

"Saa kumi." Kidoti alimtazama mnyama, si mwalimu. "Anachota maji. Anaosha vyombo vya jana. Anafua nepi za mtoto wa shangazi yake. Akimaliza anakuja shule."

"Analala wapi?"

"Jikoni. Si pabaya, pana joto."

"Na mama yake je?"

"Alisema akae kwa shangazi mpaka mambo yatengemae." Kidoti akafunga kitabu taratibu bila kugusa kurasa. "Shangazi anasema mwaka ukiisha atakuwa ameshajua kusoma. Inatosha."

Jambo lilikuwa limelaza mkono mmoja juu ya meza. Maji yalitiririka mpaka ukingoni.

Mwalimu akaenda ofisini. Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba ya nyumba huachiwa wenye nyumba, tena yule shangazi ni mjumbe wa kamati ya shule. Hata hivyo benchi lilikuwa linaoza, na benchi ni mali ya shule. Kwa ajili ya benchi, angemwita.

Shangazi akafika Ijumaa, nadhifu, mwenye salamu ndefu. Kidoti alisimama mlangoni na jambo lake. Shangazi akalizunguka, akauminya mkono wake mmoja, kisha wa pili.

"Linakula?" akauliza.

"Halili," akajibu Mwalimu Mkuu.

"Na mikono yote inafanya kazi?"

"Inaelekea."

"Basi lisibaki huku kuwaharibia benchi. Nitakwenda nalo nyumbani. Huyu peke yake vyombo vinamchelewesha, kila siku mnamwandika mchelewaji."

Mwalimu alikuwa ameandaa sentensi tatu. Alizifanyia mazoezi tangu asubuhi, uso kwa uso na ubao. Akasema ya kwanza, akasema ya pili. Lakini ofisini hapakuwa na watoto hamsini na watatu wa kunyamaza, na dirishani mtu alikuwa akifyeka majani. Hakuna aliyesikia. Ya tatu akaimeza.

"Ahsante kwa malezi, mwanangu," shangazi akamwambia akiinuka. "Na wewe umepungua. Hujambo lakini?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Mwalimu Mkuu akarudisha kitabu kabatini, akakikagua kwanza, akaona ni kisafi.

Jumatatu Kidoti alifika kabla ya kengele, kwa mara ya kwanza. Jambo lilikuja nyuma yake likiburuta miguu, vidole vimenywea zaidi ya vya Kidoti mwenyewe. Lilipanda kwenye benchi, likalaza kichwa juu ya dawati, likasinzia. Kidoti akalifunika kwa sweta lake.

Mwalimu alipotaka kuketi, alikuta nusu ya kiti chake imekaliwa. Lililoketi hapo lilikuwa dogo, la kijivu, limekunja mikono kifuani. Akasogea kulipisha, akafungua daftari, akaanza kuita. Watoto wakanyamaza ili wamsikie.

"Kidoti, hujambo?"

Kidoti akatazama kushoto kwake, kisha ubaoni.

"Hatujambo, mwalimu."

Mwalimu akaweka alama mbili za vema.