Riwaya Tuliyoichana Malaba

Tulikuwa siku ya nne kwenye foleni ya malori mpakani Malaba, na riwaya ilikuwa moja tu, kwa hivyo madereva tuliichana vipande vitatu ndiyo tusome pamoja. Mimi nilipata cha katikati: mvule unakatwa, chemchemi inakauka, kisha wafu wanatoka mchana kweupe kuomba maji.

Saa saba redio ikasema chemchemi moja huko Angurai imekauka tangu mvule ukatwe, na akina mama wasiojulikana wanaomba maji barabarani. Nikaizima kwa hasira. Upuzi gani huu? Nani anamwiga mwenzake?

Nikamwendea Okiria, dereva wa lori la mbele, aliyekuwa na kipande cha mwisho.

"Boss, hao wafu wanamtaka nani?"

"Wanafuata gogo lao," akasema bila kuinua macho. "Kuna kitu wanamuuliza aliyelibeba."

"Kitu gani?"

"Ngoja bwana, sijafika!"

Nikarudi kwenye lori langu nikitukana. Gogo la mvule nililopakia Angurai Jumatatu lilikuwa bado limefungwa kwa minyororo. Kando yake alisimama mama nisiyemjua, ameshika kikombe kitupu.

"Baba," akasema, "unatupeleka wapi?"