Cherehani ya Dirishani

Kabla ya kukaa, kila fundi alipita kwanza kwenye cherehani iliyokuwa chini ya kioo cheusi cha ofisi ya meneja, ghorofani, akagusa gurudumu lake. Waliiita Ngazi. Kila aliyeikalia alipanda: mmoja akawa msimamizi, mwingine akapelekwa stoo, wa mwisho akapewa ajira ya kudumu. Sasa ilikuwa ya Kidoti, binti aliyeingia kiwandani juzijuzi tu.

"Kidoti, nipake bahati kidogo," fundi wa vifungo alimwambia.

"Bahati si mafuta, dada."

"Hayo ni maneno ya mwenye chupa."

Walicheka, lakini si sana. Mikataba ya vibarua ilikuwa inakwisha jioni hiyo, na angebakizwa mmoja.

Mama Pacha, kibarua kama wao, hakugusa kitu. Alikaa nyuma ya nguzo, chini ya taa iliyovuma kama nzi, mahali ambapo hakuna aliyekumbuka nani alikaa kabla yake. Alishona kola. Kila alasiri alifumua pia kola za Kidoti zilizopinda, akazirudia, maana bila hivyo furushi zima lingekataliwa. Mumewe alikuwa kitandani tangu aanguke kwenye ujenzi; nyumba nzima ilikula kwa mikono ya mkewe. Asubuhi alikuwa amemwambia, "Usihofu, mama watoto. Kazi yako itakusemea."

Kabla ya chakula cha mchana, msimamizi alimpa Mama Pacha shati la mfano. "Lipeleke juu. Meneja anataka kuona kola."

Hakuwahi kupanda huko. Mlango ulipofungwa nyuma yake, ngurumo ya vyerehani ilikatika ghafla. Ndani mlikuwa na meza, zulia na kiti cha ofisi chenye magurudumu. Meneja, mtu mpole, alisimama akaligeuzageuza shati.

"Kola safi sana. Bila shaka ni ya yule." Akaonyesha kioo.

Mama Pacha akatazama. Upande mmoja ulizibwa na marobota ya vitambaa, mwingine na nguzo. Katikati alibaki Kidoti peke yake, mgongo umeinama, mikono ikienda. Ukumbi mzima ulikuwa mtu mmoja. Na Mama Pacha, aliyezijua kola zile, alijikuta akiwaza: kweli, binti huyu ni hodari.

"Hainui kichwa," meneja alisema. "Wengine hata sijui wanafanya nini."

"Kola hiyo nimeshona mimi, bosi. Nakaa nyuma ya ile nguzo."

Meneja aliitazama nguzo kwa muda, kwa adabu.

"Kumbe huko kuna mtu?"

Akageuka, akainua simu. "Wa kubaki ni yule yule," alimwambia msimamizi.

Mama Pacha alishika kiti, akakisukuma mpaka kona ya chumba. Kutoka pale nguzo haikuzuia kitu: kilionekana kigoda chake, kitupu, chini ya taa. Akakiachia kiti.

Kiti kilitulia kidogo. Kisha magurudumu yakaanza kwenda, polepole, bila kuguswa, mpaka yakatumbukia katika vishimo yalivyokuwa yamechimba zuliani. Kikasimama kikielekea kioo. Meneja akaweka simu, akakaa.

Chini, wanawake walikuwa wamemzunguka Kidoti, wakipiga makofi yasiyo na sauti.