Wino wa Masizi ya Jikoni

Epifania hakukubali kuanua matanga ya mwanawe Loth, na hakuna mtu katika ukoo aliyethubutu kumlazimisha. Loth alizama katika Ziwa Tanganyika, karibu na Kipili, mashua aliyopanda ilipopinduka, na mwili wake haukuonekana. Bila mwili hapakuwa na kaburi. Na bila kaburi, alisema Epifania, mama hana mahali pa kuelekeza macho yake. Basi jamvi la waombolezaji likabaki limetandikwa sebuleni, katika nyumba yao ya nje kidogo ya Sumbawanga, hata kipupwe kikaingia Ufipa. Mumewe, Leonardi, alikuwa amechoka nalo, lakini alinyamaza.

Ndipo alipofika Christopha, binti wa kaka yake Epifania, aliyekuwa amerejea kutoka Japani alikosomea uchoraji. Shangazi yake alimwomba jambo moja tu: amchoree sura ya Loth.

“Sura sitaiweza, shangazi,” Christopha alijibu. “Nikijaribu, nitakuchorea picha kama ya kitambulisho, nawe utalia zaidi. Niache nichore pale alipo.”

“Kwani wewe unapajua alipo?”

“Sipajui. Ningepajua nisingekuwa na haja ya kuchora.”

“Haya, chora,” Epifania alisema. “ Lakini nikitazama nisione kitu, jamvi langu haliondoki.”

Christopha alikunjua karatasi kubwa kama shuka, iliyotengenezwa kwa magome ya mti, laini na imara kama kitambaa. Ilikuwa ya mwisho aliyobaki nayo. Alikuwa na vifuko vya mawe ya buluu yaliyosagwa, ila wino ulikuwa umemwishia. Akaeleza kwamba wino wa Kijapani ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya ngozi, na kwamba vitu hivyo havihitaji kuagizwa mbali. Epifania mwenyewe akakwangua masizi kwenye paa la jiko, moshi wa miaka yote aliyompikia Loth. Akapewa pia kazi ya kuyeyusha ngozi ya ng'ombe juu ya moto mdogo hadi iwe gundi, asiiache ichemke.

Siku ya kazi, Christopha alipiga magoti asubuhi akaanza kusaga wino juu ya jiwe, polepole. Mwalimu wake alikuwa amemfundisha kwamba usagaji ule nao ni sala. Epifania alikuwa ameingia ili amharakishe, akajikuta amesimama mlangoni, ameshusha pumzi kama ashushavyo kanisani padri anapoinua hostia.

Christopha alitandaza kwanza buluu ya mawe. Kisha akachovya brashi nene kama ufagio mdogo, akainuka, na kwa mwendo mmoja akashusha mfereji mweusi kutoka juu ya karatasi hadi chini. Hakurudia. Sehemu kubwa aliiacha tupu.

Kabla hajaweka brashi chini, weusi ule ukaanza kukatikakatika. Masizi yalijikusanya vipande vipande, na kati yake zikafunguka nyufa.

“Shangazi,” Christopha alisema taratibu, “gundi hii umeitia nini?”

“Chumvi.”

“Chumvi ya nini?”

“Chungu kimo motoni, ndani yake mna ngozi ya ng'ombe, halafu nisitie chumvi? Mimi ni mgeni jikoni?”

Leonardi, aliyekuwa ameketi nje ya dirisha, akakohoa. “Shukuru, mwanangu. Ungechelewa kidogo ungekuta na vitunguu.”

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Epifania alielewa kwamba chumvi yake ndiyo iliyoukata wino. “Ifute,” alisema.

“Haifutiki. Karatasi hii ikishakunywa, imekunywa.” Christopha alinawa mikono, akatoka, akaenda kukaa kando ya shamba la ulezi lililokwisha kuvunwa. Mlango aliuacha wazi, na upepo mkavu wa uwanda wa juu ukapita juu ya karatasi mchana kutwa.

Alasiri Epifania aliingia peke yake kuiondoa. Alikwisha kuinama, mikono imeshika pembe mbili, alipoona kwamba haikuwa tena kitu alichokiacha. Weusi ulikuwa umepasuka kuanzia juu hadi chini, na katika kila ufa chumvi ilikuwa imechomoza, nyeupe, nyembamba kuliko uzi, ikitambaa kama povu linaloachwa na wimbi. Chini yake buluu ilipanda. Jua la mlangoni lilipoigusa, punje za mawe ziliwaka moja baada ya nyingine, zikazidi kuwaka kwa ndani, kwa kina ambacho karatasi haiwezi kuwa nacho.

Akaziachia pembe za karatasi, akapiga magoti.

Alipopelekwa Kipili siku zile za kumtafuta Loth, Epifania alisimama ufukweni pamoja na wenzake, lakini maji hakuyatazama. Alitazama miguu yake mwenyewe tangu alipofika hadi alipoondolewa. Sasa maji yale yalikuwa mbele yake, naye aliyatazama. Hayakuwa na ukatili, wala hayakuwa na huruma. Yalikuwa makubwa mno. Akamwita Loth kwa Kifipa, kwa sauti ya mtu amwitaye mwanawe aliye chumba cha pili, kisha akakaa sakafuni kando ya karatasi.

Leonardi alimkuta hapo. Aliitazama karatasi, akavua kofia yake taratibu.

“Yuko wapi?” aliuliza kwa sauti ya chini.

Epifania hakunyoosha kidole. Alifungua kiganja chote, akakielekeza pale buluu ilipozama chini ya weusi.

Mwanga ulianza kuondoka mlangoni.

“Baba Loth,” Epifania alisema, “waite ndugu zako na zangu. Waje Jumamosi, tuanue matanga.”