Jiwe Shingoni mwa Yasiru

Malkanthi alikuwa akikata vito katika mji wa Eheliyagoda tangu usichana wake, na ilikuwa nadra jiwe kumshinda kulitambua. Hili lilimshinda. Lilitoka kwenye changarawe ya shimo la vito la shemeji yake, la kijani kilichokolea, zito kuliko kioo. Alililamba, kama mafundi wote wanavyofanya ili rangi ijitokeze, akalitazama kwa lenzi. Lingekuwa zabarajadi, kito kingine cha kijani, kingo za nyuma zingeonekana mbilimbili, lakini hazikuonekana hivyo. Lingekuwa kioo, lingekuwa na mapovu. Hakuona hata moja. Alibahatisha mpaka akachoka. Mwishowe alilipasua, kipande kimoja akakisugua kikawa mviringo laini, akakizungushia fedha, akampa mdogo wake Sepalika kiwe kidani cha mwanawe mchanga, Yasiru. Kipande cha pili alikiweka katika kifuko alichokivaa ndani ya blauzi.

Miezi ikapita. Siku moja alikwenda Ratnapura kumwonyesha mawe mengine Bwana Weerakkodi, mzee aliyefundisha watu utambuzi wa vito na mwenye vyombo vyake vya kupimia. Kabla ya kuondoka akakitoa na kile kipande cha kijani. Bwana Weerakkodi alikipima huku akimtania kwamba amezeeka macho. Kisha utani ukakoma. Akafungua kabati, akatoa kisanduku kidogo, akakisogeza karibu na jiwe. Kisanduku kikaanza kutatarika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji.

Mzee alilichukua jiwe kwa koleo, akalifungia kwenye kopo la madini ya risasi, akalipeleka pembe ya mbali ya chumba. Ndipo akamuuliza alikuwa akilihifadhi wapi. Malkanthi akagusa kifua chake.

"Kuna kipande kingine?"

Malkanthi akaanza kukusanya mawe yake mengine mezani.

"Mwanangu, nakuuliza. Kiko wapi?"

"Shingoni mwa mtoto."

Bwana Weerakkodi akamweleza kwamba jiwe la aina ile hutoa mionzi. Kulishika kidogo si neno, lakini halivaliwi mwilini, sembuse na mtoto. Madhara yake ni kiasi gani? Hapo mzee akasema hajui, yeye ni mtu wa mawe. Jibu hilo lilimtisha Malkanthi kuliko kile kisanduku.

Alikodi bajaji hadi kwa Sepalika. Njiani alikumbuka jinsi alivyolilamba jiwe lile, na vumbi lake lililomrukia usoni alipokuwa akilisaga. Akasukutua kwa maji ya chupa, akatema nje, akasukutua tena.

"Dada, ni mimba?" dereva akauliza. "Niende polepole?"

"Kimbiza," akasema.

Alimkuta Yasiru mkekani, kidani kiko mdomoni, mate yanamtiririka. Alikichomoa kwa nguvu hata mtoto akapiga kelele. Sepalika akatoka jikoni na mikono yenye nazi iliyokunwa, akamtazama dada yake, akatazama kile alichofumbata.

"Kumbe," akasema taratibu. "Umeshaambiwa ni la thamani."

Malkanthi aliona amefunguliwa mlango wa kutokea. Afadhali aitwe mroho kuliko kusema lile jingine. "Ndiyo," akasema. "Nalihitaji."

"Lichukue. Na kwangu usirudi."

Alifika getini. Akawaza: nikinyamaza, nani atampeleka mtoto kupimwa? Akarudi, akasimama nje ya kizingiti, akasema yote.

Sepalika hakulia. Alimnyanyua mwanawe, akamfuta mdomo kwa ncha ya nguo, akafuta tena na tena.

"Amekuwa akilinyonya," akasema. "Tangu aanze kuota meno. Nilikuwa nampa mimi mwenyewe ili anyamaze."

Walikwenda hospitali wote watatu. Daktari hakuwahi kukutana na kisa cha namna ile. Alipiga simu Colombo, akatoa damu ya mtoto, kisha ya Malkanthi. Majibu yalikuja mazuri. Vipimo viliporudiwa yakaja mazuri tena. Daktari akasema mionzi waliyoipata huenda ilikuwa kidogo, ila waendelee kuja kuangaliwa. Malkanthi alilishika lile "huenda" tu. Usiku akikohoa, alikaa kitandani akisikiliza kifua chake.

Kile kidani alikipeleka kwa Bwana Weerakkodi. Kazi hakuiacha, ila jiwe asilolijua hakuligusa tena kwa ulimi, na mafundi wenzake walimcheka kwa kulichovya kwenye bakuli la maji badala ya kulilamba.

Sepalika alimruhusu kuja nyumbani, lakini mtoto hakumpa. Ilikuwa baada ya sikukuu ya mwaka mpya, wakila wali wa maziwa, ndipo Sepalika alipoinuka, akamweka Yasiru mapajani mwa dada yake, akarudi jikoni. Mtoto alishika kidole cha Malkanthi na kukivuta kuelekea mdomoni. Malkanthi akakirudisha haraka, akakifuta kwa ncha ya nguo, akafuta tena.