Jina Mwisho wa Wimbo

Watu wa Kabambare walimheshimu sana Sumaili, fundi wa likembe. Walimwita kila penye harusi, wakamkalisha upande wa moshi, wakamlisha kilichobaki sufuriani. Akimaliza kupiga, walimshukuru kwa kumwambia apige tena. Kesho yake walimkumbusha kwamba shamba lake la pamba limejaa magugu, na kwamba bwana shamba wa serikali yuko njiani na askari wake. Aziza, mkewe, aliyatazama mapenzi hayo miaka mingi hata akaacha kuyastaajabia.

Aziza ndiye aliyekuwa mwitikiaji wake. Sumaili alikaa chini na kile kijisanduku chake mapajani, akavibonyeza kwa vidole gumba vile vijiti vya chuma alivyovifua kutoka kwenye mbavu za mwavuli mbovu, akaimba, na Aziza akaitika. Kwa wapigaji wa kwao kulikuwa na mwiko mmoja ambao hakuna aliyewahi kuuvunja. Jina la fundi halitoki kinywani mwa fundi. Anaweza kumtaja chifu, mkwewe, hata mbuzi wa jirani, lakini jina lake mwenyewe hapana, wala hata akiulizwa njiani. Kulitaja ni kazi ya mwitikiaji. Vijiti vikinyamaza, mwitikiaji huliita jina hilo mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya mto. Bila hivyo wimbo hauna mwenyewe, na yeyote anaweza kujitwalia.

Basi Aziza aliita. Aliita alipokuwa bibi harusi, akaita hata nywele zilipoanza kumgeuka, na sauti yake haikuchakaa. Kilichokosekana ni mtoto. Wenzao wote waliitwa Baba Fulani na Mama Fulani. Wao wawili walibaki Fundi na Mke wa Fundi. Ndugu za Sumaili, watu wenye huruma isiyo na mipaka, hawakuchoka kumshauri aoe mwingine, na wakati mwingine walimshauri mbele ya Aziza ili naye asikose faida ya shauri hilo. Sumaili aliwajibu kwa kupiga likembe kwa nguvu mpaka waondoke.

Lakini siku moja, wakimenya mihogo uani, alimwambia mkewe, "Siye tukifa, nani ataniita?"

Aziza aliendelea kumenya. Ilimuuma. Alijua kwamba mumewe halii mtoto wa kumlimia wala wa kumzika. Sumaili alitaka mtu mmoja tu duniani atakayelitamka jina lake likasikika.

Ndiyo maana habari ilipofika kwamba kuna Mzungu mjini Kasongo mwenye mashine ya kukamata sauti na kuiweka isife, Sumaili hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliacha pamba ishikwe na nyasi, akafunga likembe kwenye kitambaa, wakashika njia kwa miguu, yeye na Aziza.

Mzungu mwenyewe alikuwa mpole na mwekundu, na masikioni alivaa vikombe viwili vilivyounganishwa kwa utepe wa chuma, kwa hiyo mji mzima ulimwita Bwana Masikio. Alisema ametoka mbali kuja kuwasikiliza watu weusi. Kiswahili chake kilikuwa cha maswali matatu: jina lako nani, wimbo gani, na maji iko wapi. Kwa yaliyobaki alimtegemea Gaston.

Gaston alikuwa karani. Alivaa soksi ndefu, kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na miwani ambayo haikuwa na kazi yoyote kwa sababu macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa miongoni mwa wale walioitwa evoluwe, yaani waliokwisha kuendelea, na kweli alikuwa ameendelea mno, hata alipoongea na watu wa kwao ilimbidi ainame kidogo. Hakujisumbua kumuuliza fundi jina. Alimtazama miguu yenye vumbi, akamwita Muzee, na hapo akaona amemaliza adabu zote.

Walikusanyika uwanjani nyuma ya nyumba ya wageni ya serikali, mchana kweupe. Mashine iliwekwa juu ya meza. Aziza alijitengenezea nafasi karibu na mumewe, akasafisha koo. Gaston akaja mbio.

"Mama, wewe hapana. Sauti ya mwanamuke iko mukali. Itavunja sindano ya mashine."

"Nani alisema?" Aziza aliuliza. "Muzungu?"

"Mimi nasema. Mimi najua mashine."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kuiona.

"Na nani ataitikia?"

"Mimi mwenyewe. Nyimbo za kijiji haziko ngumu. Wewe, Mama, utasaidia kazi ingine." Akamkabidhi jogoo wa nyumba ya wageni, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwika kila Bwana Masikio alipowasha mashine. "Umushike mudomo."

Hivyo ndivyo mwitikiaji mkubwa kuliko wote wa Kabambare alivyopewa sehemu yake katika kazi ya sayansi. Alikaa nyuma ya jiko la nyumba ya wageni, jogoo kwapani, vidole vimemfunga mdomo. Alivumilia. Kilichomtuliza ni kwamba jina la mumewe lingeingia katika ile mashine, na akitamka nani, hata kama ni huyo mwenye miwani, haidhuru.

Sumaili alimfundisha Gaston kiitikio. Gaston alikishika vizuri, tumpe haki yake. Kisha likabaki neno la mwisho, na hapo Sumaili alibanwa, kwani angewezaje kumfundisha mtu kutamka neno ambalo yeye mwenyewe haruhusiwi kulitamka? Kabambare hilo halikuwahi kuwa tatizo. Mtoto wa kunyonya alijua.

"Mwisho kabisa," akasema, "vijiti vikinyamaza, utaje jina."

"Jina tu?"

"Jina tu. Kwa nguvu. Kama unaita mutu wa ng'ambo."

"Hiyo iko mwepesi," akasema Gaston, akarekebisha miwani.

Wimbo ulikuwa ule wa pamba, wa mtu anayeulizwa na wanawe amepika nini leo, naye anafunua chungu na kukuta pamba nyeupe ya serikali inachemka. Gaston alimweleza Bwana Masikio kwamba ni wimbo wa mkulima anayeshukuru kwa mavuno. Bwana Masikio akapendezwa. Mashine ikazunguka. Nyuma ya jiko Aziza alifumba macho. Mumewe hakuwahi kupiga vile. Vidole vilikwenda kama vina haraka ya kufika mahali, na sauti yake, iliyokwisha kuanza kukwaruza kwa kikohozi, siku hiyo ilitoka safi. Aziza akaona machozi yanamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Vijiti vikanyamaza.

"Gaston!" akaita Gaston, kwa nguvu zake zote, kama anayeita mtu wa ng'ambo.

Aziza aliachia jogoo. Wa kwanza kutokea uwanjani alikuwa jogoo, akifuatwa na Aziza, akikimbia na khanga mkononi, akipaza sauti: "Sumaili! Ni Sumaili! Sumaili!"

Mashine ilikuwa imezimwa. Bwana Masikio alikuwa amemwinamia fundi, akimuuliza lile swali lake la kwanza, "Jina lako nani?", na Sumaili alikuwa amekaa kimya, ameyatoa macho kumtafuta mkewe ili amjibie. Mzungu akageuka kutazama kelele. Akamuuliza Gaston kwa Kifaransa yule mwanamke anasema nini.

Hapa ndipo Gaston alipoelewa. Ilionekana usoni, uso ulimshuka. Alipolitaja jina lake alikosea kwa ujinga tu, na ujinga si dhambi, hasa kwa mtu aliyesoma. Angeweza kusema neno moja, mashine ikawashwa tena, yakaisha. Lakini alikwisha kujisikia jina lake likiingia mle ndani, na ladha yake ilikuwa tamu. Akamwonyesha Mzungu kwa kidole yule jogoo, akasema maneno mawili matatu. Bwana Masikio akacheka kwa furaha. Akachukua punje za mahindi mezani, akachuchumaa, akamwita jogoo kwa upole:

"Sumaili! Sumaili! Kuja!"

Na jogoo, mjinga kuliko wote, akaja.

Aziza akageuka. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa, akilifunga likembe kwenye kitambaa taratibu, kama anayemfunika mgonjwa. Jioni Bwana Masikio alipakia mashine yake akaenda Nyangwe kuwasikiliza wapiga makasia. Aziza na mumewe wakarudi Kabambare. Njiani Sumaili alisema, "Hata jogoo alipata wa kumwita," na Aziza akajifanya hakusikia kwa sababu angesikia angelia.

Masika yaliyofuata kikohozi kilimchukua Sumaili. Watu wa Kabambare walihuzunika kikweli. Walikaa matangani mpaka chakula kikaisha. Ndugu zake walitikisa vichwa, wakasema amekwenda na jina lake, na walimtazama Aziza wakati wakilisema hilo. Alikuwa na hasira nyingi mno, hata hakujua aanzie kwa nani.

Santuri ya wimbo ule, yenye jina la Gaston, ilifika Kasongo baada ya hapo. Gaston akawa mtu wa sanaa. Alinunua gitaa, akalitundika ukutani, na hakuna aliyelidhulumu gitaa hilo kwa kulishusha. Alisalimiwa na wazungu. Sikukuu ilipokaribia, ikatangazwa kwamba wimbo wa Bwana Gaston utachezwa hadharani, kwenye gramafoni ya chama chao cha evoluwe, watu wote wasikie.

Aziza alipopata habari alipiga moyo konde akaenda. Jina la Gaston lilimchefua, na hakwenda kwa ajili yake. Alitaka kuvisikia vile vidole tena, basi. Alikwenda pamoja na wanawake wa Kabambare waliokuwa wakipeleka mafuta ya mawese sokoni, watu waliocheza harusi zao zote kwa likembe la Sumaili.

Uwanja ulijaa. Viti vilikuwa vya evoluwe. Wengine walipewa ardhi. Gaston alisimama kando ya gramafoni, mikono nyuma, pamoja na mkewe Ernestine na watoto wao waliovalishwa viatu vilivyowauma. Sindano ikashushwa. Kukatoka mkwaruzo, kisha vijiti, kisha sauti ya Sumaili, safi, hai, mtu aliyezikwa udongo bado mbichi. Aziza alikaa chini. Hakuona uwanja tena. Midomo yake ilikuwa ikiitikia yenyewe, kimyakimya, neno kwa neno.

Vijiti vikanyamaza.

"Gaston!" ikasema santuri.

"SUMAILI!"

Hakuwa amepanga. Koo lilifanya kazi yake, kama lilivyozoea maisha yote. Sauti ikakata uwanja wote, na sindano, kwa taarifa ya wataalamu, haikuvunjika. Wale wanawake wa mawese walitazamana, na mmoja akaanza kucheka. Evoluwe wakageuza shingo. Gaston alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu mbele ya wageni, na kwa kutaka kuonyesha kwamba hakuna kilichotokea, akaamuru wimbo urudiwe. Lilikuwa shauri baya kuliko yote aliyowahi kujipa.

"Gaston!" ikasema santuri mara ya pili.

"SUMAILI!" wakaitika wanawake wote wa Kabambare, na nyuma yao watu wa Kasongo ambao hawakujua lolote, ila waliona kiitikio kinaingia pale pale kinapotakiwa.

Mara ya tatu uwanja mzima uliitika, na watoto wakicheza. Gramafoni ikafunikwa.

Lakini utamu wa kiitikio ni kwamba hakihitaji gramafoni. Kesho yake Gaston alipita njia ya kwenda ofisini, mtu akamsalimu, "Jambo, Bwana Gaston," na kutoka nyuma ya ua watoto wasioonekana wakamalizia, "Sumaili!" Ikawa hivyo sokoni, misani, mbele ya mlango wa ofisi. Mwanzo aliwafukuza. Kisha aliwashtaki kwa wazazi wao, na wazazi, katika kusikiliza mashtaka, wakamwita Sumaili bila kujua. Msimu mmoja ukapita, na wageni waliohamia Kasongo hawakuwahi kusikia kwamba karani yule mwenye soksi ndefu ana jina jingine.

Aziza, aliyekuja tena na wale wanawake wa mawese, alikuwa amekaa soko la Kasongo na sinia lake la karanga aliposimama mbele yake msichana mdogo aliyevaa viatu, mwenye uso wa Ernestine. Muuza chumvi wa jirani, mgeni pale, alimtazama akauliza:

"Huyu mutoto iko wa nani?"

"Iko wa Sumaili," akajibu mwingine, akiendelea na shughuli zake. "Wa Sumaili wa ofisini. Iko na watoto sita."

Aziza akajaza karanga viganja vyote viwili, akammiminia msichana kwenye gauni lake, akaongeza tena, mpaka zikamwagika chini.

"Kula, mwanangu," alisema. "Na wenzako uwapelekee. Wote."